Meno Yangu Yanacheza: Je, Seli Shina Zitarudisha Fizi na Mfupa?

Barua tatu za safari hii zinatoka kwa watu wasiojuana, lakini zote zinauliza habari za kile kinachoshika jino. Nimeipa ya kwanza nafasi kubwa kwa sababu fedha za mtu ziko hatarini.

BARUA YA KWANZA

*Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 66, naishi Tanga. Kisukari ninacho kwa muda mrefu. Meno manne ya mbele ya chini yanacheza, nikiuma embe nayahisi yanainama. Fizi zimerudi nyuma mpaka mizizi inaonekana, na nikipiga mswaki damu inatoka. Daktari niliyemwona alisema yang'olewe hayo manne pamoja na gego moja la juu. Kijana wangu aliyeko Muscat amenitumia kwa WhatsApp tangazo la kliniki moja ya nje. Wanasema wanachoma sindano ya seli shina kwenye fizi, na baada ya wiki chache fizi, mfupa na kila kinachoshika jino vinaota upya. Wanataka malipo ya awali kwa dola. Nina kiwanja kidogo Pongwe, nawaza kukiuza. Nishauri.*
*Mwalimu mstaafu, Tanga*

Shikamoo Mwalimu. Kiwanja cha Pongwe usikiuze. Natanguliza hilo kwa sababu barua yako inaonyesha umeshaanza kuelekea huko, na maelezo yangu ni marefu.

Sisemi hivyo kwa kuwa seli shina, yaani seli zenye uwezo wa kuzaliana na kugeuka kuwa za aina nyingine, ni uongo. Mimi ni daktari wa fizi, na hii ndiyo sehemu ya taaluma yangu ninayoifuatilia kwa hamu kuliko zote. Utafiti upo, wanaoufanya ni watu makini, na matokeo yao yamechapishwa mbele ya macho ya kila mtu. Ni kwa sababu nimeyasoma ndiyo maana tangazo la namna hiyo linaniudhi.

Jino halikupigiliwa kwenye mfupa. Kati ya mzizi na mfupa wa taya kuna nafasi nyembamba sana, kama robo ya milimita, nayo imejaa nyuzi. Upande mmoja nyuzi hizo zimefungwa kwenye mfupa, upande wa pili kwenye simenti, lile tabaka jembamba gumu linalofunika mzizi. Jino limelazwa humo kama mtu juu ya kitanda cha kamba: ukiuma, kamba zinavutika, ukiachia, zinarudi. Hizo nyuzi ndizo kano ya jino. Kwa hiyo kinachoshika jino ni vitu vinne: ufizi, simenti, kano na mfupa. Ugonjwa wako umevila vyote vinne, na tiba itakayodai kurudisha jino lako katika hali yake lazima ivirudishe vyote vinne, kila kimoja mahali pake. Mfupa peke yake hautoshi. Ufizi wa waridi unaopendeza kwenye picha ndiyo kabisa hautoshi.

Ugonjwa wenyewe huanza na ukoga. Ukikaa chini ya ufizi, bakteria waliomo, akiwemo anayeitwa Porphyromonas gingivalis, huuchokoza mwili, nao mwili katika kujihami huanza kuyeyusha mfupa unaozunguka jino. Mwenye kisukari ambaye sukari yake haijatulia huwaka zaidi na hupona polepole zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa watu zaidi ya bilioni 1 duniani wana ugonjwa mkali wa fizi. Usijione peke yako.

Sasa, mbona mfupa uliovunjika mguuni huunga, na huu wa taya hauoti tena? Jibu lilianza kueleweka mwaka 1976, mtafiti Melcher alipoeleza kwamba baada ya kidonda cha fizi kusafishwa, aina nne za seli huanza kuugombania mzizi: za ngozi ya juu ya ufizi, za nyama ya ndani ya ufizi, za mfupa na za kano. Watakaofika kwanza ndio watakaoamua kidonda kitapona vipi. Ngozi ya ufizi ndiyo huwahi. Huteremka kando ya mzizi, huufunika, na kazi huishia hapo: ufizi umefunga, damu imekoma, lakini jino halijapata kamba mpya hata moja. Seli za mfupa zikiwahi peke yao, ni balaa la namna nyingine. Mfupa hugandamana na mzizi moja kwa moja, kisha huanza kuula. Ni seli za kano tu zenye uwezo wa kujenga simenti mpya na kufunga nyuzi ndani yake.

Ndipo kina Nyman, Lindhe, Karring na Rylander, watafiti wa nchi za Skandinavia, mwaka 1982 wakaripoti jambo lililobadilisha kazi yetu. Katika jino la mbele la chini la mgonjwa mmoja waliweka kichujio chembamba kati ya ufizi na mzizi, ili ngozi ya ufizi isiwahi na seli za kano zipate nafasi ya kupanda taratibu. Jino lilipochunguzwa baadaye kwa hadubini, simenti mpya ilikuwepo, na nyuzi zimezama ndani yake. Kuanzia hapo ilijulikana kuwa kinachoshika jino kinaweza kuota tena kwa binadamu mzima. Huyo Karring, nikuambie, jina lake limo pia katika utafiti wa meno ya Watanzania watu wazima alioutoa mwaka 1986 pamoja na Baelum na Fejerskov. Miaka miwili baadaye ukaja wa Machakos, Kenya, uliopima watu 1,131. Kote huko ukoga ulikuwa umejaa karibu kila kinywa, lakini walioliwa mfupa kwa kina walikuwa wachache. Mpaka leo naziheshimu kazi hizo, kwa sababu zilivunja dhana kwamba Mwafrika mwenye ukoga ni lazima atapoteza meno yake. Ugonjwa mkali huchagua watu, na mwenye kisukari ni mmoja wa wanaochaguliwa.

Seli shina ziliingia mwaka 2004. Timu ya Songtao Shi, katika taasisi ya taifa ya utafiti wa meno ya Marekani iliyoko Bethesda, ilichukua magego ya mwisho yaliyong'olewa, ikakwangua kano kwenye mizizi yake, na humo ikapata seli zenye uwezo wa kuzaliana na kugeuka. Zilipopandikizwa kwenye panya zilitengeneza kitu kinachofanana na simenti na kano. Fikiria maana yake: badala ya kungoja seli chache zilizobaki zipande zenyewe mbele ya ngozi inayokimbia, unazikuza kwa wingi maabara na kuziweka pale pale zinapohitajika.

Wajapani walilifikisha wazo hilo kwa wagonjwa, na kazi yao ni ya ustadi mkubwa. Timu ya Iwata ilitumia vyombo maalumu vya kukuzia seli vilivyobuniwa na Okano na wenzake mjini Tokyo. Seli hushika kwenye chombo kikiwa na joto la mwili, na kikipozwa huachia zenyewe, zikatoka zikiwa zimeshikana kama utando mzima bila kukatwakatwa kwa dawa. Wagonjwa walikuwa 10. Kila mmoja alitolewa jino lake mwenyewe lisilohitajika, seli za kano zikakuzwa, tando tatu zikapangwa juu ya nyingine na kulazwa kwenye mzizi uliosafishwa, kisha shimo la mfupa likajazwa chembechembe za madini. Baada ya miezi 6 kina cha mfuko wa ufizi, yaani upenyo kati ya ufizi na jino, kilipungua kwa wastani wa milimita 3.2, na mfupa kwenye eksirei ukapanda milimita 2.3. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2018, na ni mazuri.

Lakini Mwalimu, wewe umesahihisha mitihani maisha yako yote, utaniuliza: wangefanyiwa vile vile bila seli, wangepata ngapi? Hawakuwa na kundi la kulinganisha. Wengine walikuwa nalo. Mjini Xi'an, Uchina, timu ya Chen iliwagawa wagonjwa 30 kwa kura: wote walipasuliwa, wakasafishwa na kujazwa chembechembe za mfupa, ila kundi moja tu ndilo lililoongezewa seli za kano. Matokeo ya mwaka 2016: mfupa ulipanda kwa makundi yote mawili, na tofauti kati yao haikuwa ya maana. Madrid, Uhispania, mwaka 2020, wagonjwa 20, mpango unaokaribiana na huo: mshiko wa ufizi kwenye jino ulirudi kwa makundi yote mawili, na tofauti kati yao haikuwa ya maana. Seli hazikumdhuru mtu. Wala hazikuongeza kitu cha kuuzia kiwanja.

Njia nyingine imejaribiwa Uchina, kubwa kuliko hizo, na matokeo yake ni ya 2025. Wagonjwa 132 waligawanywa, wengine wakachomwa sindano ya seli za kiini cha jino, ile nyama laini iliyo ndani yake, zilizotolewa kwa watu wengine, wengine maji ya chumvi. Faida ilionekana kwa wenye ugonjwa wa hatua ya tatu, yaani mkali, lakini tofauti ya mshiko kati ya makundi mawili haikufika milimita 1. Nadhani kliniki ya tangazo lako inajifunika kivuli cha kazi za aina hii. Lakini kilichopimwa ni dawa mahsusi, kwa kipimo mahsusi, chini ya uangalizi, kwa mgonjwa ambaye fizi zake zilisafishwa kwanza. Hakuna hata mmoja katika watafiti hao aliyeahidi kwamba kila kitu kitaota ndani ya wiki chache.

Kuna jambo tangazo halikukuambia, nalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Tafiti hizi zinahusu shimo la mfupa lenye kuta: mfupa umeliwa kwa kushuka chini kando ya jino, lakini pembeni bado upo na unazingira. Shimo la hivyo hushika damu, hushika chembechembe, hushika na seli. Ulivyoeleza fizi za mbele zilivyorudi nyuma zote pamoja, mashaka yangu ni kwamba mfupa wako wa mbele umeshuka sawasawa, meno yote manne kwa mstari mmoja. Hapo hakuna shimo wala kuta. Hata njia ya kichujio ya mwaka 1982 haijawahi kufanya maajabu mahali pa namna hiyo. Eksirei ndiyo itakayosema, na kliniki inayodai dola kabla ya kuiona eksirei yako imekwisha jieleza. Huko Marekani penyewe, idara inayosimamia dawa haijaidhinisha tiba yoyote ya seli shina kwa ugonjwa wa fizi, na imewaonya wananchi juu ya kliniki zinazouza seli zisizoidhinishwa.

Sasa tufanye nini? Sikubali mara moja kwamba meno matano yang'olewe. Sikuyaona, na huenda mwenzangu ameona jambo ambalo barua haikulibeba. Lakini unayo haki ya kuomba vipimo vya kila jino kabla ya kutia ganzi. Tunapima kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, sehemu sita kuzunguka kila jino. Milimita 1 hadi 3 ni salama, 6 na kuendelea ni mfuko wenye kina. Omba vipimo hivyo viandikwe, omba eksirei, kisha nenda kwa daktari aliyebobea kwenye fizi. Kwenye shule ya meno ya Muhimbili Dar es Salaam wapo.

Akikubali kuyatibu, kazi huanza kwa kusafisha chini ya ufizi, mzizi kwa mzizi, kwa ganzi. Haina mvuto wa kutangazwa. Hata hivyo ndiyo iliyofanywa kwa wagonjwa wote wa Tokyo, wa Xi'an na wa Madrid, wenye seli na wasio na seli, na ndiyo naamini iliyowaponya kwa sehemu kubwa. Meno yanayocheza hufungwa pamoja kwa waya mwembamba au ukanda wa nyuzi unaobandikwa nyuma yake, yakapumzika na kutafuna yakiwa yameshikana. Nimeona meno ya mbele ya chini, yaliyokwisha kuhukumiwa, yakidumu miaka kwa njia hiyo, mwenyewe akila embe lake bila wasiwasi. Gego la juu sitalisemea. Lina mizizi mitatu, na ugonjwa ukishaingia kati ya mizizi kusafisha kwake ni shida. Pengine litang'oka kweli.

Kisukari chako na fizi zako vinakwenda pamoja, kila kimoja kinamchochea mwenzake. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka mwaka 2022 ulionyesha kuwa kutibu fizi za mwenye kisukari hushusha kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu kwa wastani wa asilimia 0.43, miezi mitatu hadi minne baada ya tiba. Kwa anayehangaika na sukari kila siku hicho si kidogo. Mweleze daktari wako wa kisukari kuwa unaanza matibabu ya fizi, yeye na daktari wa fizi wazungumze.

Na kama daktari wa fizi ataona shimo lenye kuta linalofaa kujazwa, muulize chembechembe na dawa zake zimetoka wapi. Nalisema hili kwa sababu wagonjwa wangu wengi ni Waislamu na huwa hawaambiwi. Chembechembe nyingi za mfupa hutokana na ng'ombe. Vichujio vingi vya siku hizi vinavyoyeyuka vyenyewe hutokana na nguruwe, na kuna jeli maarufu ya protini, iliyobuniwa Sweden, inayotokana na vijino vya watoto wa nguruwe ambavyo havijaota. Yapo madini yasiyotokana na mnyama, na Japani tangu mwaka 2016 inatumia dawa ya trafemini, protini ya kuhimiza ukuaji inayotengenezwa kwa njia ya bakteria. Uamuzi ni wako na wa imani yako, ila uufanye ukiwa na habari, siyo ugundue baada ya kushonwa.

Mwambie kijana wa Muscat namshukuru kwa kumjali mzazi wake. Fedha aliyokuwa tayari kuchangia itatosha nauli ya kuja Dar na matibabu ya kuanzia, na kiwanja kitabaki.

BARUA YA PILI

*Daktari, mwanangu wa miaka 6 ameanza kung'oka meno ya utoto. Kuna kampuni inayosema nikiwalipa kila mwaka watayahifadhi meno hayo kwenye barafu nje ya nchi, ili akiwa mkubwa seli zake zimtibu magonjwa, hata ya fizi. Nyanya yake anataka tulitupe juu ya paa kama zamani. Jino la kwanza bado liko kwenye droo, lina miezi mitatu. Nifanye nini?*
*Mama wa watoto wawili, Nairobi*

Mama, lile la kwenye droo mpe nyanya alitupe. Seli zake zilikufa siku ile ile lilipokauka, na kampuni itakayolipokea itakuwa inagandisha mfupa mtupu.

Msingi wa jambo lenyewe ni wa kweli. Huyo huyo Songtao Shi niliyemtaja hapo juu aliripoti mwaka 2003 kwamba ndani ya meno ya utoto mna seli shina, na wazo lilimjia kwa jino la binti yake aliyekuwa na miaka 6, umri wa mwanao. Mwaka 2018 timu nyingine ya Xi'an ikatoa kazi iliyonifurahisha sana. Watoto walioumia meno ya mbele ya kudumu, kiini cha jino kikafa, walipandikiziwa seli kutoka kwenye jino lao la utoto, na ndani ya jino lile lililokufa mishipa ya damu na ya fahamu ikarudi.

Ila angalia walichofanya: walitumia jino la utoto la mtoto aliyekuwa na shida wakati ule ule. Halikukaa kwenye barafu miaka arobaini likisubiri. Halafu seli hizo ni za kiini cha ndani ya jino. Zinazojenga kano na simenti kwa uhakika zaidi ni zile za kwenye mzizi, na jino la utoto likianguka lenyewe mzizi umeshayeyuka wote. Mara nyingi hata kiini chake kimebaki kidogo. Mwanao akifika umri wa kuugua fizi, Mungu apishe mbali, atakuwa bado na seli za kano kuzunguka kila jino lake, na magego ya mwisho pengine manne ambayo watu wengi huyang'oa.

Kwa hiyo sikushauri kulipa. Ukitaka kutumia fedha kwa ajili ya meno yake, mwaka huu mtazame nyuma kabisa ya kinywa. Akiwa na miaka 6 magego ya kwanza ya kudumu huchomoza nyuma ya yale ya utoto, kimya kimya, bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hudhani nayo ni ya utoto. Mpeleke yazibwe mifereji yake kwa utandio wa kukinga kabla hayajatoboka. Hayo ndiyo atakayotafunia mpaka awe babu.

BARUA YA TATU

*Dokta, mimi ni kocha wa timu ya watoto. Mchezaji wangu wa miaka 13 aligongana na kipa, jino la mbele la juu likatoka zima na mzizi wake. Tuliliokota, tukalisugua kwa sabuni maana lilikuwa na mchanga, tukalifunga kwenye tishu. Tulifika hospitali jioni, tukaambiwa haliwezi kurudishwa. Je, ni kweli? Na siku nyingine tufanye nini? Kuna aliyeniambia niliweke kwenye madafu.*
*Kocha, Morogoro*

Kocha, asante kwa barua hii. Ningependa kila kocha, kila mwalimu wa michezo na kila dereva wa bodaboda aisome.

Ukilitazama jino lililotoka zima, mzizi wake una utandoutando wa waridi ulioloa. Watu huona uchafu. Hiyo ndiyo kano, au nusu yake, na nusu nyingine imebaki kwenye tundu la mfupa. Ndani yake zimo seli zile zile ambazo Tokyo na Madrid walizikuza maabara. Zikirudishwa kwenye tundu zikiwa hai, nyuzi hukutana, huunga, na jino hushika upya. Zikifa, mfupa hugandamana na mzizi na kuula taratibu, kwa kijana wa miaka 13 ndani ya miaka michache. Sabuni huziua. Kusugua huzing'oa. Tishu huzikausha, na zikikaa kavu kwa muda wa saa 1 hesabu zimekwisha. Hamkujua, na hakuna aliyewafundisha. Naamini mlipofika jioni ile seli hizo zilikuwa zimekwisha kufa.

Siku nyingine fanya hivi. Hakikisha kwanza mtoto hajaumia kichwa, ana fahamu na anapumua vizuri. Tafuta jino, lishike sehemu nyeupe ya kutafunia, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga limwagie maziwa au maji safi kidogo tu, sekunde chache, bila kusugua. Kisha lirudishe kwenye tundu lake pale pale uwanjani, uso wa mbele ukiangalia mbele, mtoto aume kitambaa safi kulishikilia. Inatisha kidogo kwa mara ya kwanza, lakini ganzi haihitajiki dakika zile za mwanzo kama unavyofikiri, na hakuna daktari atakayefika haraka kuliko mkono wako. Halafu mbio kwa daktari wa meno, atalifunga na meno jirani kwa muda wa wiki mbili, atashughulikia kiini, na ataangalia habari ya chanjo ya pepopunda.

Ukishindwa kulirudisha, liweke kwenye maziwa ya kunywa yaliyo baridi. Pakiti moja ya dukani inatosha. Maziwa hayaziunguzi seli wala kuzivimbisha, nazo hubaki hai kwa muda. Maji matupu huzipasua, ingawa bado ni afadhali kuliko kukauka. Maziwa yakikosekana, mtoto ateme mate kwenye kikombe safi na jino lizame humo. Madafu yamejaribiwa na watafiti na majibu yao yamegongana: wengine waliyasifu, wengine wakaona ukali wake wa asidi unadhuru. Morogoro madafu na maziwa vyote vinapatikana, basi chukua maziwa.

Jino la utoto likitoka lisirudishwe, litaumiza linalokuja nyuma yake.

Na huyu kijana wako sasa. Asiwekewe jino la kupandikizwa la chuma leo wala mwakani hata akitokea wa kumlipia, kwa sababu taya lake bado linakua na jino la chuma halikui nalo. Litabaki juu wakati mengine yanashuka. Atengenezewe jino la kuvaa na kuvua kwa miaka hii. Muhimu zaidi, mrudishe hospitali apigwe eksirei meno mawili yaliyo jirani na pengo. Yalipata kishindo kile kile, na kiini chake kinaweza kufa miezi baadaye bila maumivu yoyote. Moja likianza kubadilika rangi kuwa la kijivu, usingoje liume.